Elimu Hushirikiana, Amana Hulindwa



Sayansi ya data ni neno ambalo watoto wetu wa vyuoni hulitaja, na aghalabu wazazi hulisikia wakalinyamazia. Maana yake si ngumu. Ni kukusanya habari nyingi ndogondogo, kama mahudhurio, vipimo, bei na picha, kisha kuzisoma pamoja kwa msaada wa kompyuta, ili zituoneshe lile ambalo habari moja peke yake haiwezi kulionesha. Na kwa kuwa hakuna mtu mmoja aliye na habari zote, daktari humhitaji mtu wa hesabu, naye mtu wa hesabu humhitaji mkulima na mwalimu.

Sisi huku Kimbo, kando ya barabara kuu ya Thika baina ya Ruiru na Juja, jambo hili limetufikia mlangoni. Binti wa jirani yetu, anayesomea takwimu, alialikwa kujiunga na mtandao unaowakutanisha vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wa fani mbalimbali. Kila anayejiunga huja na jambo la kwao la kuchunguza. Yeye aliomba madaftari ya madrasa yetu ya miaka sita, apate kujua kwa nini watoto, na hasa wasichana, huacha masomo. Mama yake akatujia na swali zito: je, yafaa kutoa habari za watoto wa watu?

Kabla ya kumjibu tulitazama mitandao ya namna hii imeleta nini. Mmoja wao, Data Science Africa, ulikutana Nyeri mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kisha Kampala mwaka 2016 na Arusha mwaka 2017, ukiwafundisha vijana na kuwakutanisha na wenye matatizo ya kweli ya afya na kilimo. Watafiti wa Makerere wameunda vipima hewa vinavyofungwa hata kwenye bodaboda za Kampala. Na karibu nasi watu wa pwani, picha za majani ya mihogo zilizopigwa katika mashamba ya Bagamoyo zilisaidia kuifundisha kompyuta kutambua batobato na michirizi ya kahawia. Katika utafiti huo ikazaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, inayomwambia mkulima ugonjwa wa shamba lake kwa Kiswahili, hata pasipo na intaneti. Hiyo ni heri iliyopatikana kwa kushirikiana.

Lakini pia tulikumbuka mwaka 2023, watu walipopanga foleni ndefu jijini Nairobi wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, kwa malipo ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Mwezi Agosti serikali ikaisimamisha kazi hiyo. Wengi walikwisha kutoa kisichobadilika mwilini mwao, bila kujua kinakwenda wapi.

Wanazuoni wetu wa hadithi walituachia mizani kwa mambo kama haya. Hawakuipokea habari mpaka wajue imepita kwa nani, na kila mmoja katika silsila hiyo ni mtu wa namna gani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inampa mwenye habari haki ya kuelezwa zinatumiwa kwa kazi gani, na habari za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kwa hiyo tulimjibu mama yule kwamba yafaa, kwa masharti. Wazazi wataelezwa kwanza, na asiyeridhia mtoto wake ataondolewa. Utatolewa umri, jinsia na miezi ya mahudhurio tu. Majina na nambari za simu zitabaki madrasani. Orodha ya wanaopokea zaka haitaguswa kabisa, maana hiyo ni siri ya watu na heshima yao. Na matokeo yatasomwa mbele ya akina mama kabla ya kupelekwa kwa wageni.

Sharti hilo la mwisho ndilo tulilolisisitiza zaidi. Daftari huandika "hayupo", basi. Halijui kama msichana alibaki nyumbani kumlea mdogo wake mama alipokwenda sokoni, au alihofia njia wakati wa magharibi, au nauli ilikosekana. Mama ndiye ajuaye. Kompyuta hujua kile ilichooneshwa tu. Akina mama wasipokuwamo, itahukumu maisha yao kwa maneno ya wengine.

Binti amejiunga, na kazi yake inaendelea. Nanyi huko Mombasa, Lamu, Kwale na Kilifi, mtoto wenu akija na ombi kama hili, msimfukuze wala msimpe kila kitu. Muulizeni: Nani anachukua? Kwa kazi gani? Tukibadili nia, zitafutwa? Na sisi tutaelezwa yatakayopatikana? Mwenye majibu ya hayo, mfungulieni mlango, na muwe pamoja naye ndani.