Chuo cha Masikio

Mkituuliza chuo cha thiolojia kinafundisha nini, wengi wetu tutajibu upesi: kinafundisha kuhubiri. Tunafundisha Kiebrania na Kiyunani, historia ya Kanisa, mafundisho ya imani na liturujia. Mwisho wa yote mwanafunzi hupanda mimbarani, nasi hukaa chini na kalamu mkononi tukipima alivyosema. Mtihani wa kusikia hatuna. Lakini Mtume Paulo, katika Warumi 10, anapoeleza jinsi imani inavyozaliwa, anataja sikio: imani huja kwa kusikia. Kama ndivyo, basi sikio nalo linahitaji shule.

Shule hiyo ipo, tena haina ada. Iko katika sauti zinazotuzunguka kila siku hapa Makumira, chini ya Mlima Meru. Chuo chetu kilianzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia hapa mwaka 1954. Tangu hapo watumishi wengi wamepita katika njia hizi, na kila mmoja ameamshwa na sauti kabla hajaamshwa na kitabu.

Kabla jua halijatoka, kwarara huruka juu ya mapaa wakipiga kelele zao za kukwaruza, kana kwamba wamegombana usiku kucha. Majogoo ya majirani huwajibu. Adhana ya alfajiri hufika kutoka upande wa Usa River. Kisha huanza mafagio. Wanaofagia njia kati ya mabweni na kanisa huingia kazini giza likiwapo bado, na mtu akisikiliza kwa siku kadhaa huanza kuwatofautisha: mmoja huvuta fagio kwa mikato mirefu, mwingine kwa mikato mifupi ya harakaharaka. Baadaye hulia kengele ya ibada ya asubuhi. Huko barabara kuu ya Arusha na Moshi malori yananguruma, pikipiki zinapita, na makonda wanaita abiria. Mchana kutwa utasikia kwaya wakifunzana sauti moja moja, soprano, alto, tena, besi, na mahali pengine mtu anajifunza ngoma na kukosea palepale mara kumi.

Mtu anaweza kusema hizo ni kelele tu, na afadhali kufunga dirisha asome. Kuna saa ya kufunga dirisha, hatukatai. Lakini nyuma ya kila sauti kuna mtu. Anayefagia ameamka saa kumi usiku na kuacha watoto wamelala. Dereva wa lori pengine hajaona nyumba yake wiki nzima. Anayeitikia adhana ni jirani yetu, na tukifiwa huja kukaa nasi. Mchungaji asiyejua sauti za mahali anapoishi atahubiria watu aliowabuni kichwani mwake.

Muhula mmoja, mama anayefanya kazi jikoni alitusimamisha njiani. Alisema, "Baba Mchungaji, yule kijana mrefu anayeimbaga foleni nzima, wiki ya pili hii simsikii. Sahani anachukua, lakini haimbi." Darasani kijana huyo alikuwa anahudhuria kama kawaida. Kazi zake alikuwa akileta kwa wakati. Daftari la mahudhurio lisingemtambua kamwe. Aliyemtambua ni mama ambaye kwa miezi mingi alikuwa amepakua chakula huku akisikiliza besi ya mtu mmoja, na siku ilipokoma, akajua kimekosekana kitu.

Tulimkuta nje ya bweni jioni, tukakaa naye kwenye benchi. Alianza kwa kuzungumzia mitihani, halafu mvua, halafu akanyamaza. Tukanyamaza naye. Baada ya muda alisema kwamba baba yake amepooza upande mmoja, kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza, na kwamba begi lake lilikuwa tayari limefungwa chini ya kitanda. Alikusudia kuondoka usiku bila kumuaga mtu, kwa kuwa hakutaka kuonekana amemkimbia Mungu. Hatukumpa mahubiri. Giza liliingia tukiwa bado tunamsikiliza. Kesho yake wenzake walimchangia nauli, akaenda nyumbani kwa ruhusa, na ndugu zake wakagawana zamu za kumuuguza mzee. Alirudi baada ya wiki tatu. Hakuanza kuimba mara moja, ilichukua muda. Lakini alirudi.

Tunaposoma 1 Wafalme 19, tunapenda kufika haraka kwenye ile sauti ndogo, ya utulivu, iliyokuja baada ya upepo, tetemeko na moto. Tuangalie na jambo jingine katika sura hiyohiyo. Mungu anamuuliza Eliya anafanya nini pale, na Eliya anamwaga malalamiko yake. Baada ya ile sauti ndogo anaulizwa swali lilelile, naye anajibu kwa maneno yaleyale, karibu neno kwa neno. Mungu hamkatizi kumwambia kwamba hayo ameshayasema. Anamsikiliza mara ya pili, ndipo anampa kazi na kumrudisha kwa watu. Sisi tunaotembelea wazee tunajua jinsi ilivyo vigumu kusikia habari ya shamba lililochukuliwa au mtoto aliyepotea mjini kwa mara ya saba. Mungu wa Eliya anatufundisha kuketi.

Baba zetu katika imani walilijua hili. Martin Luther, akifundisha Waraka kwa Waebrania huko Wittenberg mwaka 1517 na 1518, alieleza kwamba kiungo cha Mkristo ni masikio, kwa sababu tunaokolewa kwa kuamini tulichosikia, wala si kwa kazi ya mikono wala miguu yetu. Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri mwenzetu aliyeongoza chuo kidogo cha wachungaji huko Finkenwalde, Ujerumani, mpaka polisi wa Hitler walipokifunga mwaka 1937, aliandika baadaye kwamba huduma ya kwanza tunayodaiwa na ndugu zetu ni kuwasikiliza. Akaonya kwamba asiyeweza tena kumsikiliza ndugu yake, mwishowe hatamsikiliza Mungu pia.

Onyo hilo linatugusa leo. Nyumba zetu za ibada zina vipaza sauti vikubwa kuliko mahitaji. Vijana wetu wanatembea na vifaa vya simu masikioni, na sisi wazazi tunajibu ujumbe mtoto akiwa anaongea. Hata msibani, mtumishi huingia, huomba kwa sauti kuu, hutoa neno na kuondoka, na mfiwa hajasema hata sentensi moja.

Kusikiliza pekee hakutoshi, hilo ni kweli. Begi la yule kijana lisingefunguliwa kwa masikio matupu, ilihitajika nauli. Lakini nauli hiyo isingechangwa kama jikoni pasingekuwa na mtu anayesikia. Ndiyo mpango tunaouona katika Kutoka 3: Bwana anasikia kilio cha watu wake Misri, kisha anashuka. Kusikia ni hatua ya kwanza ya kushuka.

Basi, washarika, tuanze na madogo. Ukifika nyumba ya mgonjwa, kaa kwanza kabla ya kufungua Biblia. Jioni moja katika juma, zima redio na simu, usikie nyumba yako: nani anakohoa, nani anacheka peke yake, nani ameacha kuuliza maswali. Jumapili, wakati wa wimbo, sikiliza sauti za benchi lako. Ukiona moja haipo, usisubiri tangazo la mzee wa kanisa. Nenda ukabishe hodi.

Bwana, uliyetupa masikio mawili na mdomo mmoja, utufungue masikio, tumsikie jirani, nasi tukusikie wewe. Amina.