Mlezi wa Walimu na Anayemlea: Kumbukumbu ya Usimamizi wa Kitaalamu Mkoani Singida

Usimamizi wa kitaalamu, kwa maana inayotumika katika kumbukumbu hii, ni utaratibu ambao mtu mwenye kazi ya kuwaelekeza wengine hukaa mara kwa mara na mwenzake mzoefu, wakaipitia kazi hiyo kwa utulivu: alichokiona, alichokisema, alichoshindwa kukisema na jinsi jambo lenyewe lilivyomwelemea. Utaratibu huo hutofautiana na ukaguzi, ambao hupima kazi iliyokwisha kufanyika na kuitolea uamuzi, na hutofautiana pia na semina, ambayo humpa mtu maarifa bila kujua atakwenda kuyatumia kwa nani. Katika shule za msingi za Mkoa wa Singida ukaguzi ulikuwapo tangu zamani na semina hazikukosekana, ila usimamizi wa namna hii ulichelewa, na pengo lake lilionekana zaidi kwa Mratibu Elimu Kata, mlezi wa karibu kabisa wa mwalimu nje ya shule yake.

Katika miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, madarasa yalifurika na walimu vijana wakapangiwa shule za mbali. Mwandishi wa kumbukumbu hii, aliyefundisha wilayani Iramba kabla ya kukabidhiwa kata, anakumbuka kuwa ujio wa mratibu ulijulikana kwa kitabu cha wageni kutolewa kabatini na maandalio ya somo kukusanywa mezani kwa mwalimu mkuu, ambako mratibu aliyapitia, akayatia sahihi, kisha akaandika kwamba walimu waongeze juhudi. Mratibu mwenyewe alikuwa mwalimu aliyepandishwa cheo, akapewa orodha ya shule na muhuri, na kila mwezi alidaiwa taarifa za idadi ya wanafunzi, madawati na matundu ya vyoo, lakini hakuna aliyemuuliza alizungumza nini na mwalimu aliyekata tamaa.

Baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 majina yalibadilika: ukaguzi ukawa uthibiti ubora wa shule, na mratibu akawa Afisa Elimu Kata. Mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa hao nchini kupitia LANES, programu ya kukuza stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ziitwazo KKK. Shule zilizokuwa zikifikiwa kwa shida zikawa jirani, na ziara zilipoongezeka, mazungumzo nayo yakaongezeka. Walimu walianza kueleza mambo yasiyo na safu katika fomu yoyote, kama vile darasa la kwanza ambalo watoto wengi huzungumza Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, au mshahara unaoishia kwenye mikopo ya kausha damu. Afisa aliyepokea siri hizo ndiye pia aliyeombwa maoni kuhusu utendaji wa mwalimu yuleyule, na kwa sababu hiyo mwalimu mwenye busara alichagua la kumwambia na la kumficha.

Mabadiliko yenye uzito yalikuja pale maafisa wa kata kadhaa jirani walipoanza kubaki baada ya kikao cha mwezi, pamoja na mkufunzi mstaafu wa ualimu, kila mmoja akileta ziara moja tu bila kumtaja mwalimu kwa jina. Katika mojawapo ya vikao hivyo, afisa mmoja alisimulia kwa fahari jinsi alivyochukua chaki na kufundisha silabi mwenyewe mbele ya watoto wa darasa la pili, kwa kuwa mwalimu wao alikuwa akiwaimbisha tu. Mkufunzi hakumsifu wala kumlaumu, bali alimuuliza mwalimu alikuwa amesimama wapi muda wote huo, na afisa akakumbuka kuwa alikuwa mlangoni, akitazama nje. Katika ziara iliyofuata afisa alikaa dawati la nyuma hadi kipindi kilipokwisha, na yeye na mwalimu wakachagua jambo moja la kurekebisha.

Brigid Proctor, mtaalamu wa ushauri nasaha wa Uingereza, aliainisha katika miaka ya 1980 kazi tatu za usimamizi wa aina hii, ambazo ni kukuza ujuzi, kulinda maadili ya kazi na kumrudishia nguvu anayehudumia wengine, na swali lile moja la mkufunzi liligusa zote tatu. Jumuiya za kujifunza zilizoletwa na MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, zimewapa walimu nafasi ya kujadili ufundishaji wao shuleni, lakini anayezilea jumuiya hizo anahitaji nafasi ya namna hiyohiyo, mbele ya mtu asiyejaza fomu ya kumpima. Hadi mwandishi anastaafu, vikao vile havikuwa na fungu katika bajeti wala safu katika taarifa ya mwezi, na vilidumu katika kata ambazo maafisa wake waliendelea kuchangiana mafuta ya pikipiki.