Mwana wa Mtengeneza Mishumaa

Katika mafundisho ya Jumamosi tumezoea kuwapa watoto maisha ya watakatifu. Ni vema, wala hatutaki kuacha. Lakini mwaka huu tumewaongezea mtu asiye mtakatifu, tena asiye Mkatoliki: Benjamin Franklin wa Marekani. Wazee kadhaa wa parokia wametuuliza, mtu huyu atuhusu nini sisi wa Kisangani? Yafaa tuwajibu.

Kwanza ni kwa ajili ya wale wanaofukuzwa shule. Kila mwaka twaona viti vikibaki wazi. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, naye husema: "Masomo yangu yamekwisha." Neno hilo latuumiza, maana mtoto mwenyewe huliamini. Basi tukawasimulia habari za Franklin. Alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Baba yake alitengeneza mishumaa na sabuni. Shuleni alikaa miaka 2 tu. Alipotimiza miaka 10 aliondolewa akakate tambi za mishumaa. Akiwa na miaka 12 alitiwa mikononi mwa kaka yake, mpiga chapa, ajifunze kazi. Huko aliazima vitabu kwa siri kutoka kwa vijana wa maduka, akasoma usiku ili avirudishe asubuhi kabla havijatafutwa.

Kujifunza kuandika alijifundisha mwenyewe. Alisoma makala nzuri, akaandika maana ya kila sentensi kwa maneno machache, akaiweka kando siku kadhaa. Kisha alijaribu kuiandika yote upya bila kuitazama, akalinganisha na ile ya kwanza na kusahihisha. Njia hii tumewapa watoto wetu. Haidai ada, yadai daftari na uvumilivu. Watoto wa darasa la 5 wanaiweza kabisa. Wakubwa ndio wavivu.

Kijana mmoja alipoyasikia hayo akasema: "Mwalimu, huyo ni kama Lumumba." Alisema kweli. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapa mjini, ulipokuwa ukiitwa bado Stanleyville. Shuleni hakufika mbali, lakini alijisomea sana, akaandika katika magazeti, na mwaka 1960 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi yetu. Franklin naye alikuwa mtu wa posta: mkuu wa posta ya Philadelphia tangu 1737, na mwaka 1775 mkuu wa posta ya makoloni yote yaliyoungana. Mwaka uliofuata alitia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani. Tena tarehe 17 Januari aliyozaliwa Franklin ndiyo aliyouawa Lumumba, mwaka 1961. Ni kukutana kwa siku tu, lakini tarehe hiyo watoto hawaisahau tena.

Walakini sababu kubwa ni radi. Sisi twakaa karibu kabisa na ikweta, na mvua zetu huja na ngurumo za kutetemesha mabati. Mwaka juzi radi ilimwua mtu katika mtaa mmoja wa mji, na kabla maiti haijazikwa watu walikuwa wamekwisha kumtaja mama mzee, mjane, kwamba ndiye aliyeituma. Alihama usiku huohuo. Watoto wetu waliyaona hayo kwa macho. Ukiwaambia waache ushirikina watanyamaza, lakini moyoni swali lao labaki palepale: basi nani aliituma?

Franklin alijibu kwa kupima. Wakati wake watu wa Ulaya nao walikuwa na hofu yao; katika parokia nyingi walipiga kengele ili kufukuza ngurumo, na wapiga kengele walikufa kwa radi humohumo mnarani. Yeye alizitazama cheche ndogo za vyombo vyake, akafikiri kwamba ni kitu kimoja na moto wa mawinguni. Mwaka 1750 alieleza jinsi ya kuhakikisha: kusimamisha chuma chenye ncha mahali pa juu. Tarehe 10 Mei 1752 Wafaransa walijaribu hivyo huko Marly-la-Ville, cheche zikatoka. Mwaka huohuo Franklin mwenyewe alirusha tiara chini ya wingu la radi. Hapo tuliwakataza watoto vikali wasimwige, kwa maana mwaka 1753 Profesa Richmann wa St. Petersburg aliuawa na radi katika jaribio la namna hiyo.

Kiswahili chetu kina neno moja, umeme, kwa ule wa mawinguni na ule wa nyaya zitokazo katika bwawa la Tshopo. Franklin alihitaji kazi ya miaka kuthibitisha kwamba ni kimoja. Watoto walicheka sana kwa hilo.

Kisha tukawaonyesha kinga aliyoivumbua: chuma juu ya paa, na waya mnene unaoshuka mpaka ndani ya udongo wenye unyevu. Umeme hufuata njia hiyo ukaingia ardhini. Mara nyingi hupiga kilicho kirefu, mnara, mnazi au mtu aliyesimama peke yake uwanjani, wala haujui nani ana ugomvi na nani. Franklin hakutaka kulipwa kwa uvumbuzi wake. Jumapili baada ya Misa watoto walizunguka mji wakitafuta majengo yenye chuma hicho.

Wengine walitushauri tuliache jambo moja, nalo ni kwamba Franklin aliweka watumwa nyumbani mwake, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza watu. Hatukuliacha. Watoto hawa wamezaliwa mahali ambapo Tippu Tip alifanywa liwali mwaka 1887. Utumwa si hadithi ya mbali kwao. Tuliwaambia pia kwamba uzeeni aligeuka. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa huko Pennsylvania, na Februari 1790 alitia sahihi ombi kwa Bunge la nchi yake ili utumwa ukomeshwe. Bunge halikulikubali. Naye akafa tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, mwenye miaka 84.

Msichana mmoja akauliza: "Aliyeweza kuijua radi, mbona hili alikawia hivi kulijua?" Wenzake walianza kubishana mpaka kengele ikalia, na Jumamosi ijayo ndilo swali tutakaloanza nalo.