Asiyejali Maua

Tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke kwa upande wa Gede asubuhi na mapema, umande ungali unadondoka. Kilomita za mraba zipatazo 420, kati ya Kilifi na Malindi, nami nimekuja kumtazama mdudu wa kutosha kiganjani.

Mchanga ulianza wa kijivu, chini ya mibambakofi. Ukawa mweupe tulipofika kwenye mirihi. Baada ya mwendo mrefu tukakanyaga udongo mwekundu, vichaka vikasongamana hata jua likabaki vidoa tu.

Nilimnusa kabla sijamwona. Au tuseme nilinusa chakula chake. Mzee aliyeniongoza alikuwa ametundika mtego wa chandarua, mviringo kama gunia, na chini yake kisahani cha ndizi zilizochacha. Harufu ya mnazi wa jana.

"Usimtie kivuli, mwanangu. Ataruka."

Walikuwa watatu. Wataalamu humwita Charaxes candiope. Mabawa yakifungwa ni jani kavu, ila mishipa yake ni ya kijani, na kila bawa la nyuma lina vimkia viwili. Mmoja akayafungua: manjano hafifu karibu na mwili, kisha rangi ya chungwa, kisha weusi pembeni. Upana wake kama sentimita 8. Kifua kinene, cha mrukaji hodari. Aliporuka nilisikia mabawa.

Vitabu vya shule humchora kipepeo juu ya ua. Huyu maua hayamhusu. Hunyonya matunda yaliyooza, utomvu wa mti uliojeruhiwa, hata mzoga. Njiani tulikuta kinyesi cha ndovu, mabonge makubwa kuliko nazi, na juu yake madume wawili wakifyonza chumvi kwa utulivu wa wazee barazani. Nilipiga magoti pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mzee akainua jani la krotoni kwa kidole kimoja. Kiwavi wa kijani, pembe nne kichwani, alikuwa akitafuna ukingo wa jani, taratibu. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa kando ya msitu huu hufuga viwavi na kuuza pupa zao ng'ambo.

Tuliporudi mtegoni, mzee alikung'uta chandarua. Wawili wakapaa. Wa tatu alipepesuka, akapanda gumba la mzee, mrija wake bado umenyooshwa, ukipapasa ngozi iliyonuka ndizi.