Bawa la Juu

Mimi sikusomea tafsiri wala ushairi katika skuli yoyote. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi moja iliyokatika jalada, nikikaa nayo usiku baada ya kazi za mchana. Na kwa muda wa miaka thelathini nimekuwa nikiyachukua maneno ya watu wengine na kuyavisha kanzu ya Kiswahili. Nayatanguliza haya ili ifahamike kuwa kosa nitakalolisimulia halikufanywa na mgeni wa kazi. Lilifanywa na mtu aliyejiamini.

Tulikuwa watu watano, tukikutana baada ya sala ya alasiri katika ukumbi wa nyumba moja hapa Mji Mkongwe: Maalim, aliyesomesha hesabu hata akastaafu, mshoni wa kanzu, kijana mmoja fundi wa redio, Mzee Fundi, aliyeunda majahazi na mashua huko Nungwi tangu ujana wake, na mimi. Kijana ndiye aliyeleta shauri. Alikuwa amepata michoro ya ndege ya zamani, ile yenye bawa juu ya bawa, pamoja na maelezo ya kuunda mfano wake mdogo kwa ubao na kitambaa. Akasema, "Wazee wangu, kazi hii haimtaki mtu mmoja."

Mwanzoni tulitaka kuunda mojawapo ya ndege zilizoletwa kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji baada ya kuishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini kwetu Unguja, tarehe 20 Septemba 1914. Mshoni alikataa. Babu yake alichukuliwa upagazi katika vita vile wala hakurudi, na yeye hakuwa tayari kukishonea nguo chombo cha vita. Tukachagua Tiger Moth, ndege ya kufundishia marubani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1931. Mwili wake ni wa mabomba ya chuma, mabawa yake ni ya mbao, na juu ya vyote hivyo hutandazwa kitambaa na kukazwa kwa vanishi. Mzee Fundi alipoelezwa haya alicheka: "Basi hiki ni chombo cha matanga kilichopotea njia."

Mabawa ya ndege yenyewe yana mita 8.94 kutoka ncha hadi ncha. Sisi tulichukua kipimo cha moja kwa kumi na mbili, na hivyo yetu yakawa sentimita 74 na nusu. Maalim alipiga hesabu, Mzee Fundi akachonga, mshoni akakata kitambaa, kijana akafunga waya. Kazi yangu ilikuwa kuyafasiri maelezo, ukurasa baada ya ukurasa, na kuwasomea wenzangu.

Sijapata kufurahia kazi kama ile. Palipokosekana neno, Mzee Fundi alilitoa katika hazina yake. Vile vijiti vya ndani ya bawa vikawa mataruma. Pua ikawa omo, mkia ukawa shetri. Waya zinazoyakaza mabawa tukaziita hamarawi, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya kamba inayoizuia foromali isiyumbe. Nikaingiwa na fahari. Nilijiona kuwa nimeuvumbua mlango ambao wasomi wa vyuo walikuwa wakipita mbele yake bila kuuona.

Katika ukurasa wa tatu palikuwa na neno stagger, likihusu bawa la juu. Kamusi yangu ilisema: kuyumbayumba, kupepesuka kama mlevi. Sentensi yenyewe haikunielea sawasawa, lakini watu walikuwa wakinisubiri, nami sikupenda kuonekana nimekwama. Nikaandika: "Bawa la juu likazwe barabara, lisiyumbe." Mzee Fundi akalikaza barabara, sawasawa juu ya bawa la chini.

Zilipita wiki saba. Siku ya kutia mihimili ya kati ya mabawa, kila mhimili ulikataa. Tuliigeuza, tukaipima upya, haikukaa. Mzee Fundi aliinama juu ya ubao kwa muda mrefu, akapapasa kingo kwa vidole vyake. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, na sote tulijua, ingawa hakuna aliyelisema. Akaiweka patasi chini. "Ni mimi," akasema. "Macho haya hayafai tena kazi. Nisameheni, wanangu."

Usiku ule niliifungua kamusi, kisha nikayasoma maelezo tangu mwanzo hata mwisho, taratibu. Nikafahamu. Neno lile halikuwa onyo. Lilikuwa ni jina la kipimo: bawa la juu hutangulizwa mbele ya bawa la chini. Tangi la mafuta la Tiger Moth limo katikati ya bawa la juu, na chini yake hukaa mwalimu, kwani mwanafunzi hukaa nyuma. Waundaji walilisogeza bawa mbele ili mtu wa kiti cha mbele aweze kutoka upesi na mwavuli wake panapotokea hatari; kisha wakazirudisha ncha za mabawa nyuma ili chombo kisipoteze mizani. Neno nililolipita kwa haraka lilikuwa ni njia ya mtu kuokokea.

Ningependa kuandika kwamba asubuhi nilikwenda kwake mbio. Sikwenda. Siku tatu nilikaa kimya, na Mzee Fundi siku hizo tatu hakufika ukumbini. Nilijiambia kuwa macho yake kweli ni mabovu, na kwamba ipo siku angeliacha kazi hata hivyo. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyonitia haya zaidi: nilikuwa nikiitumia kweli kuufichia uongo.

Siku ya nne nilibisha hodi kwake. "Shikamoo, Mzee wangu. Mkono wako haukukosea. Nililokosea ni neno." Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo bawa la juu limeinamia omo?" Nikamjibu kuwa ndivyo. "Kama mlingoti wa jahazi," akasema. "Mlingoti wetu hausimami wima, huinamia mbele. Ungeliniuliza, mwanangu." Hakusema zaidi ya hilo, akanyanyuka kuitafuta kofia yake.

Tulibomoa tukaunda upya. Katika daftari langu nimeikata ile sentensi kwa mstari mmoja, bado inasomeka, na juu yake nimeandika: "Bawa la juu liinamie omo." Tangu hapo kuna jambo linaloninyima usingizi. Ubao ulinikatalia. Mashairi niliyoyafasiri miaka yote hii hayana mhimili wa kukataa. Karatasi hupokea lolote. Ni maneno mangapi nimeyakaza yasiyumbe, na hali yalitaka kuinama? Nimeanza kuyarudia, moja moja, na kila nilipokwama siku hizi nauliza watu.

Ilibaki rangi. Ndege nyingi za kufundishia za Waingereza zilipakwa manjano, ili zionekane kwa mbali na wengine wajihadhari kuwa ndani yake mna mwanafunzi. Nilipowasomea wenzangu hayo, Maalim alinitazama akatabasamu, nami nikainamisha kichwa. Kijana alikoroga rangi, mshoni akashika ncha ya bawa, na brashi tukampa Mzee Fundi. Alipaka polepole, kwa kufuata mbao kwa kidole cha mkono wa kushoto. Alipofika mwisho alirudi nyuma hatua mbili, akakaza macho.

"Hii," akasema, "naiona."