Bunduki Ngumu ya Kimali

Kazi yangu Kimali ilikuwa ya usiku zaidi kuliko mchana. Kimali ni kitalu cha Pori la Akiba Maswa upande wa Wilaya ya Meatu, na pori hilo limeungana na Serengeti na Ngorongoro bila uzio wowote. Mtama ukianza kukomaa, tembo hushuka. Hutoka kwenye migunga jua likizama, hupita korongo lile lile walilopita mwaka jana, na kabla jogoo hajawika shamba la mtu limeshalala chini lote. Mimi nilitoka Chuo cha Pasiansi, Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndimi niliyekuwa nikigongewa mlango. Wazee walituita Bwana Nyama, mkubwa na mdogo, kama walivyowaita waliotutangulia tangu enzi za mkoloni.

Mtu akisikia askari wa wanyamapori hufikiria raifo. Raifo tulikuwa nazo. Operesheni Uhai, msako wa majangili wa mwaka 1989, ilikuwa imetuonyesha wanatembea na silaha gani. Lakini shambani usiku, penye nyumba, watoto na mazizi kila upande, raifo haifai. Risasi yake ikikosa inaendelea mbali mno, na gizani huwezi kujua nani amelala mbele yake. Shotigani ni ya karibu. Marisau yanaishiwa nguvu mapema, na mlio wake ni mzito, nao mlio ndio unaomfukuza tembo. Sikumruhusu askari yeyote amlenge tembo kwa marisau. Hayamuui. Yanamwachia vidonda na hasira, na siku chache baadaye atakayekutana naye ni mama anayekwenda kuchota maji.

Bunduki mpya ilitufikia katikati ya miaka ya 1990, kutoka Shinyanga, kwa kuwa Mkoa wa Simiyu, ilimo Meatu leo, ulikuwa bado haujaanzishwa. Huo ulikuja mwaka 2012. Ilikuwa shotigani ya kukunja, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, namba 12, imelala ndani ya boksi huku imepakwa grisi nzito ya kahawia kila mahali. Nilisukuma kikomeo cha juu kwa dole gumba, hakikusogea. Nikaweka na la pili. Kilipoachia, mitutu ikainama kidogo tu ikakwama, ikabidi niikandamize juu ya goti ndipo ifunguke. Kuifunga kulikuwa shughuli nyingine.

"Afande, hii mbovu, irudishwe," akasema kijana mmoja. Mwenzake alikuwa ameshaleta msasa.

Aliyetuzuia ni mzee mtunza ghala, Msukuma wa Maswa aliyewahi kuwa fundi silaha jeshini. Kila ninachokijua kuhusu bunduki za kukunja nilikipata kwake, na hakuna kozi iliyonipa hata nusu yake. Aliuchukua ule msasa akautia mfukoni. "Mwanangu," akaniambia, "bunduki ya kukunja ikija laini tangu dukani, iogope. Hii ni nzima."

Akaitoa shotigani yetu ya zamani. Akaondoa ubao wa mbele unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, akaishika shingoni, akaitikisa karibu na sikio langu. Tak, tak. Mitutu ilikuwa inacheza kwenye bawaba. Akanionyesha kikomeo: katika bunduki ile kilikuwa kimevuka mstari wa katikati, kimeelekea kushoto. Katika mpya, hata ikiwa imefungwa kabisa, kilisimama kulia. Ni makusudi. Chuma husagika kidogo kidogo kila mitutu inapofunguliwa na kufungwa, na kikomeo husogea kuelekea katikati kadiri ulaji unavyoongezeka. Aliyeitengeneza ameiachia nafasi ya kuzeeka. Ukipiga msasa siku ya kwanza, umeila miaka yake kwa dakika chache. Tena chuma cha bawaba kimefanywa kigumu juu juu tu. Ukilitoboa gamba hilo unakutana na chuma laini, na hapo ulegevu hausimami tena.

Kisha akanieleza uzito ule unatoka wapi. Bunduki ya namna hii huzitega nyundo zake mbili zilizofichwa ndani wakati unapoikunja. Ukiwa umeshapiga risasi zote mbili, nguvu unayotumia kuifungua inakandamiza springi mbili kwa pamoja, na springi mpya haina huruma. Kwa hiyo ugumu mwingine si wa bawaba na hautakiwi kuondoka. Unaotakiwa kuondoka ni ule wa vyuma viwili ambavyo havijazoeana.

Tulianza na grisi. Ile ya kiwandani ni ya kuzuia kutu baharini na ghalani, si ya kufanyia kazi. Ukiiacha katika vumbi la Meatu inashika mchanga, na hapo unakuwa umejitengenezea msasa wako mwenyewe ndani ya bawaba. Tuliisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, mpaka kwenye kona ambazo kitambaa hakifiki, tukaikausha, halafu tukapaka mafuta mepesi, tone hapa na tone pale. Mzee alisisitiza mahali pamoja ambapo askari wengi hupasahau: chuma cha ubao wa mbele, pale kinapoviringika juu ya bawaba. Pakiwa pakavu, panakwaruzana na bunduki yote inaonekana ngumu.

Usiku huo akawasha koroboi. Alipitisha meno ya chini ya mitutu juu ya moshi mpaka yakawa meusi tii, akafunga bunduki polepole, akaifungua. Palipogusana masizi yalikuwa yameondoka, chuma kikang'aa. Pasipogusana palibaki peusi. Mng'ao ulikuwa kwenye ukingo mmoja tu, mwembamba. Tuliyarudia masizi yale wiki baada ya wiki, na kila mara mng'ao ulikuwa umetanuka kidogo. Sijawahi kuona njia nyingine rahisi hivyo ya kukuonyesha kwa macho jambo linalotendeka ndani ya chuma.

Zoezi lenyewe la kuvizoesha vyuma lilikuwa la jioni, baada ya ugali. Kufyatua bunduki tupu huumiza pini, kwa hiyo mzee alichukua maganda mawili yaliyokwisha kutumika, akatoa fataki zake zilizolipuka, akaziba matundu kwa vipande vya raba ya kandambili. Unaweka maganda hayo, unafyatua kulia, unafyatua kushoto, unafungua, unafunga. Kufunga alikuwa mkali nako. Wale wa kwenye filamu wanaoirusha mitutu kwa kiwiko ikajifunga yenyewe aliwachukia kwelikweli, maana pigo lile lote linabebwa na bawaba. Yeye alitaka mitutu itulie na kitako ndicho kipandishwe kuifuata, mpaka usikie mlio mmoja mfupi.

Mavuno yalipokaribia, tukaitwa mashamba ya mpakani. Watu walikuwa wanapiga madebe, mioto imewashwa, na tembo hawajali tena, wameshayazoea. Walikuwa majike na ndama wao, karibu kiasi kwamba nilisikia mabua yakivunjwa mdomoni. Nikapiga juu, mtutu wa kulia kisha wa kushoto. Wakasimama, masikio yametanuka, mkubwa wao akageukia upande wetu. Hapo ndipo askari mwenye bunduki iliyokwama hupoteza maisha. Kikomeo kilisukumwa kwa dole gumba moja, mitutu ikainama yote, maganda yakapanda, nikayachomoa kwa kucha nikatia risasi nyingine bila kuangalia chini. Mlio wa tatu ulipotoka, jike lile lilikuwa limeshageuza kundi kuelekea korongoni.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Zilikuja kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho, malipo ya mtu aliyeharibiwa mazao na wanyamapori: chini ya kanuni hizo shamba lililokuwa ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani mwa pori halikupata kitu, na la mbali kabisa kikomo chake kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi 5. Kwa mkulima wa mtama na pamba aliyepoteza chakula cha mwaka hiyo ilikuwa kidogo mno, na nilisema hivyo kila kikao nilichopewa nafasi. Yakaja mabomu baridi na pilipili ya kuchoma na kinyesi cha tembo, vitu vizuri, vilivyowapa wanakijiji uwezo wa kujilinda bila kutusubiri. Januari 2016 majangili walipiga risasi helikopta ya doria ndani ya Maswa, rubani wake akafa, na Julai mwaka huo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ikaanza kazi rasmi na silaha mpya zikafuata.

Shotigani ile bado ilikuwa ghalani nilipokabidhi kazi. Kijana aliyenipokea aliijaribu, akasema ni nzito kidogo kufungua. Nilimtolea ubao wa mbele, nikamwambia aitikise sikioni. Haikutoa mlio. Kisha katika daftari la silaha, chini ya namba yake, niliandika kwamba kikomeo kingali kulia mwa mstari wa katikati, na kwamba isipigwe msasa na mtu yeyote.