Sista wa zamu ya usiku

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Wengine mlidhani UE imenimaliza, wengine najua mlishasema jamaa kadisko. Hapana, pepa nilifanya zote. Ila siku niliyotoka kwenye pepa ya mwisho, nimekaa kwenye kimbweta nasubiri wenzangu twende kula chipsi, mama akanipigia simu. "Bibi yako alifariki Jumatatu. Tumemzika jana."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Yaani siku nne nzima mimi nakariri noti, nacheka na watu pale kantini, na bibi hayupo duniani.

Nikamuuliza mama kwa nini wamenificha. Akasema ni agizo la bibi mwenyewe: mtoto asisumbuliwe mpaka amalize mitihani. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama simu maishani mwangu.

Kesho yake nikapanda basi la Bukoba. Toka Dar ni zaidi ya kilometa 1,400, kwa hiyo muda wa kununa nilikuwa nao wa kutosha.

Sasa niwaambie bibi alikuwa nani. Alizaliwa 1941. Nchi inapata uhuru 1961, yeye yuko kwenye mafunzo ya uuguzi. Alianza kazi kwa kuchanja watu ndui vijijini, na aliishi kuona dunia nzima ikitangaziwa 1980 kwamba ndui imekwisha. Alikuwa akipenda kutuonyesha kovu lake la chanjo na kusema, "Hili ni kaburi la ugonjwa." Alizaa watoto sita, mama yangu ni wa nne. Babu aliugua akafariki 1979, mwaka ule ule vita vya Kagera vilipokwisha. Akabaki na watoto sita, shamba la migomba na mshahara wa nesi.

Basi akaomba zamu za usiku. Mama anasema wao utotoni waliamini watu wazima hawalali. Asubuhi bibi anarudi, anawaogesha, anawapa uji, wanakwenda shule. Wakirudi mchana wanamkuta shambani, ndizi zimeshaiva jikoni. Alilala saa ngapi hakuna anayejua.

Halafu ikaja 1983. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi Tanzania walionekana hapo hapo Kagera. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Dawa hakuna. Glavu zilikuwa haba, zinafuliwa, zinaanikwa, zinapakwa poda, zinavaliwa tena. Baadhi ya majirani wakaanza kukataza watoto wao wasicheze na watoto wa Sista, eti atawaletea nyumbani.

Hayo yote nilikuwa nayajua nusu nusu. Nilichokuwa sijui nilikisikia msibani. Alikuja mama mmoja, rika la mama yangu, na mkungu wa ndizi kichwani. Akasema mama yake mzazi alifia wodini 1986. Nyumbani walikuwa wanamsogezea sahani kwa fimbo. Bibi alikaa kitandani kwake akamlisha kwa mkono, kijiko kwa kijiko, mpaka usiku aliokata roho. Huyo mama alisema maneno hayo machache tu, akaenda zake jikoni kumenya ndizi na wenzake.

Usiku ule mama akaja kukaa na mimi nje. Tulikuwa bado hatujaongea vizuri. Akaniambia kwamba na yeye aliwahi kumkasirikia bibi, tena kwa miaka. Akiwa darasa la sita alishikwa na malaria kali, anaweweseka, anamlilia mama yake, na mama yake akaaga akaenda zamu. Dada zake ndio waliomkanda kwa maji usiku kucha. Asubuhi bibi aliporudi, mama akamuuliza kwa nini hakubaki. Bibi akamjibu, "Wewe nilikuacha na watu wanne. Yule wa wodini hakuwa na mtu."

"Ulimsamehe lini?" nikamuuliza.

"Nilipokuzaa wewe," akasema. "Alikaa na mimi miezi mitatu. Usiku ukilia, anaamka yeye. Nikimwambia alale, ananijibu usiku ni zamu yake."

Nilinyamaza. Nikahesabu siku zile za mitihani: mimi nilikuwa na wenzangu wanne chumbani, tunabebana. Bibi alikuwa amepiga hesabu ile ile, kwamba sitakuwa peke yangu. Lakini niseme ukweli, ningeulizwa ningechagua kurudia pepa zote ili niweze kutupa udongo kaburini kwake. Hilo bado linaniuma, na sidhani kama ni kosa kuumia.

Kabla ya kurudi chuo nilimwomba mama msamaha kwa kukata simu ile. Akacheka, akasema hata yeye aliwahi kumnunia nesi yule yule.

Alifikisha miaka 84. Tangu alipostaafu 1996 bado watu walikuwa wakimgongea mlango usiku, mtoto ana homa, mama kashikwa na uchungu, naye anatoka na tochi yake. Mama kanipa tochi hiyo. Iko hapa mezani, betri nimeweka mpya.

Boomu likitoka, kabla hujaenda Mwenge kununua viatu, mpigie bibi yako. Na mtu akigonga chumbani usiku, mfungulie.